Mwalimu, kabla hujaenda fotokopi soma hapa kwanza

Ukienda Wandegeya hapa Kampala na kitabu mkononi, kijana wa mashine hata salamu ni ya haraka haraka, anaangalia kitabu tu anauliza "mwalimu, chapta ama kizima?" Ukisema kizima anachukua wembe, anakata mgongo wa kitabu pale kwenye gundi, anagonga karatasi mezani zikae sawa, anaanza kuilisha mashine, wewe uko nje unakula rolex yako, ile chapati ya mayai, ukirudi unakuta nakala tatu zimeshabaindiwa na kava ya plastiki juu. Kitabu chenyewe unarudishiwa kimefungwa raba bendi kama mtu aliyevunjika mbavu.

Mi nimefanya hivyo miaka mingi. Nafundisha Kiswahili sekondari na mwenzangu yeyote anayekifundisha hapa Uganda anajua hali yetu, Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, vizuri sana, lakini vitabu vingi tunavyoshika vinatoka Kenya na Tanzania, darasa lina watoto 70 na vitabu vinne, mzazi ukimwambia anunue anakuangalia tu. Kwa hiyo swali la huyo kijana wa mashine ndo swali lenyewe. Sheria inauliza karibu vilevile: chapta ama kizima, ni ya nani, na hela anakula nani.

Sheria ninayoizungumzia ni ile ya Uganda ya hakimiliki ya 2006, hasa kifungu chake cha 15 (kwa namba za mwaka huo), cha matumizi ya haki, yaani pale unaporuhusiwa kutumia kazi ya mtu bila kumwomba na bila kumlipa. Nasema ya Uganda makusudi, maana tukigugo tunaletewa mambo ya Marekani, mtu anakuja stafurumu anatangaza "asilimia 10 ni halali" na wote tunaitikia. Hizo namba nyingi zimetoka kwenye miongozo ya walimu wa kule ya mwaka 1976, na hata kule ni miongozo tu, si sheria yenyewe. Kifungu chetu cha 15 hakitaji asilimia wala idadi ya kurasa. Ukisikia mtu anakwambia asilimia 10 mwulize amesoma wapi.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: angalia kama hicho kitu kina mwenyewe

Watu wanadhani bila ile alama ya c ndani ya duara kitabu ni cha wote. Hapana. Hakimiliki inaanza pale mtu anapoandika kitu chake mwenyewe kikakaa kwenye karatasi au kwenye simu au popote, hakuna kujisajili kwa lazima. Usajili upo, unafanywa URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili, lakini kazi yake ni kukupa ushahidi siku ya ugomvi.

Vitu visivyolindwa ni hivi. Wazo au mbinu haina mwenyewe, kwa mfano ile njia ya kufundisha ngeli kwa kadi za rangi ukiiona kwenye kitabu cha mtu itumie tu, asikutishe mtu, kinacholindwa ni maneno yake na mazoezi yake jinsi alivyoyaandika. Sheria za nchi, hukumu za mahakama, ripoti za tume za uchunguzi za serikali na habari za siku hazilindwi pia, ukitaka kufundisha ufahamu kwa kutumia kifungu cha Katiba we toa nakala hadi mashine ishike moto.

Halafu kuna umri. Hapa kwetu hakimiliki ya kitabu inaishi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo kwa hesabu ya hapa mashairi yake yalitoka kwenye ulinzi 2012, yatumie darasani bila wasiwasi. Okot p'Bitek alifariki 1982, huyo bado, subiri hadi 2032. Lakini angalia mtego hapa, maana niliwahi kuuingia: kitabu cha marehemu kikichapishwa upya kikawekwa utangulizi mpya, maelezo pembeni, michoro na maswali mwishoni mwa kila sura, hivyo vilivyoongezwa vina mwenyewe aliye hai na anakula kwa jasho lake. Shairi chukua, yale maswali waachie wenyewe. Na jina la mwandishi lazima liendelee kutajwa hata miaka ikiwa imeisha, haki ya kutajwa haina tarehe ya mwisho.

Jambo moja ambalo walimu hatulifikirii kabisa, insha ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi. Mtoto wa S.2, yaani kidato cha pili, ameandika insha nzuri ajabu kuhusu mafuriko ya kwao Kasese, wewe unaipiga picha unaiweka kwenye pamfleti yako bila kumwuliza, umemwibia kama ambavyo ungemwibia profesa. Ila mitihani unayotunga wewe mwajiriwa kama sehemu ya kazi, hiyo kwa kawaida inahesabika mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba wako unasema vingine. Soma mkataba wako, najua upo chini ya godoro.

Hatua ya 2: tafuta kilichokwisha kuruhusiwa

Kabla hujaanza kuumiza kichwa na kifungu cha 15, tafuta kama kuna kitu cha aina hiyo ambacho mwenyewe ameshatoa ruhusa kwa dunia nzima. Vipo vingi kuliko tunavyodhani. African Storybook wana hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingi, Luganda ikiwemo, unadaunlodi unaprinti na kubadilisha pia unaruhusiwa. Siyavula wa Afrika Kusini wana vitabu vya hesabu na sayansi vya bure. Wikipedia ya Kiswahili nayo iko hivyo.

Kazi kama hizi zinabeba leseni za Creative Commons na ukiona herufi zake usizipite. BY maana yake taja jina, hiyo iko karibu kila mahali. NC usifanyie biashara. ND usibadilishe unapotoa kwa watu, yaani usikate usitafsiri. SA ukibadilisha basi na chako kitoke kwa leseni ileile. Mwalimu anayechukua hadithi ya NC akaiuza kwenye pamfleti amevunja leseni hata kama alitaja jina kwa herufi za dhahabu.

Kupatikana bure mtandaoni si sawa na kuruhusiwa, hili linatuchanganya sana. PDF ya seti buku, yaani kitabu teule cha mtihani, inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu aliiskani tu chumbani kwake, unaona hadi kidole chake pembeni ya ukurasa.

Hatua ya 3: pima kwa maswali manne

Hapa ndo penye kazi, kaa chini. Kifungu cha 15 kinaruhusu mambo kadhaa yanayotuhusu: kutumia kazi kwa matumizi yako binafsi, kunukuu, kutumia kazi iliyochapishwa kama mfano wa kufundishia, na kuifikisha kwa wanafunzi shuleni au chuoni. Lakini kila mara kuna masharti, kiasi kiendane na lengo na utaje chanzo. Na kuamua kama matumizi ni ya haki au la yanaangaliwa mambo manne: unatumia kwa lengo gani na je kuna biashara ndani yake, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na ulichofanya kinaathiri vipi soko la mwenyewe.

Kwenye karatasi inaonekana nyepesi. Tuichukue kwa mifano ya kwetu.

Umeandika shairi la beti nne ubaoni, wanafunzi wanalinakili daftarini, mnalichambua. Ni shairi zima, ndiyo, lakini ni fupi na huwezi kuchambua nusu ya shairi, lengo ni somo, hakuna aliyeacha kununua diwani kwa sababu ya ubao wako. Kwangu hapo hamna shida, andika jina la mshairi chini.

Umetoa nakala ya ukurasa mmoja wenye ufahamu na maswali matano, nakala 70, mara moja, kwa kipindi cha Jumatano. Mi nasema sawa pia, ukitaja kitabu. Ila kama kila Jumatano ni ukurasa mwingine wa kitabu kilekile hadi muhula unaisha, wewe umekitoa kitabu kizima kwa awamu, na yule kijana wa Wandegeya angalau alikuwa mkweli kuliko wewe.

Kitabu cha mazoezi, kile ambacho mtoto anajaza majibu ndani halafu mwaka unaofuata ananunuliwa kingine. Hicho kimetengenezwa ili kila mtoto awe na chake, ndo biashara yote ya aliyekiandika. Kukifotokopi ni kumpiga pale pale anapokula. Aina ya kazi ina maana, usichukulie kitabu cha mazoezi sawa na kamusi ambayo umetoa maelezo ya neno moja tu.

Seti buku. Riwaya nzima kwa darasa zima, hapana, hata kama shule haina hela, hata kama hedi titcha ndo kasema. Najua inauma. Lakini nakala 70 za riwaya ni vitabu 70 ambavyo mwandishi hakuuza, na waandishi wa Kiswahili hawana soko lingine kubwa zaidi ya sisi wa mashuleni. Fanya hivi: shule inunue kumi, wasome kwa vikundi, wewe toa nakala ya kurasa mbili tatu unazotaka kuzichambua kwa undani siku hiyo.

Na pamfleti. Hapa niseme langu. Mwaka mmoja nilitengeneza pamfleti ya S.3, kurasa 48, ufahamu, muhtasari, sarufi kidogo, jina langu kwenye kava kwa herufi kubwa, nikaiuza shilingi 5,000 na ilienda kweli kweli. Muhula uliofuata akahamia kwetu mwanafunzi kutoka shule nyingine, kaja na pamfleti ya mwalimu wake, nafungua hivi, ni yangu! Ileile, hata lile kosa langu la "wanafuzi" ukurasa wa 17 liko palepale, kilichobadilika ni jina la kwenye kava tu. Nilipandwa na hasira nikatafuta namba ya huyo mwalimu, nikaipata, kabla sijapiga nikaona nihesabu kwanza ni kurasa ngapi nitamwambia ni zangu. Zilikuwa 11. Zingine zote nilizitoa kwenye vitabu vya watu, neno kwa neno, bila kumtaja hata mmoja. Sikupiga.

Basi kwa pamfleti sheria yangu ni fupi, ukiiuza andika mwenyewe au omba ruhusa. Ukinukuu aya moja ili uieleze, sawa, taja. Kujaza kurasa kwa ufahamu wa mtu mwingine halafu uchukue 5,000 ya mtoto, maswali yote manne yanakukataa.

Hatua ya 4: andika ulikotoa

Hii ndo rahisi na ndo tunayoiruka zaidi. Kila nakala, kila slaidi, kila karatasi, chini kabisa weka jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Mstari mmoja tu. Wakati unafotokopi ukurasa mmoja fotokopi na ule ukurasa wa mbele wenye taarifa za kitabu, ubandike kwenye faili yako, la sivyo baada ya mwezi hutakumbuka ule ufahamu wa chui na mbuzi ulitoka wapi.

Kutaja chanzo hakugeuzi wizi kuwa halali lakini. Kuna mwenzetu alitoa nakala za kitabu kizima akaandika kwenye kava "haki zote ni za mwandishi". Tulicheka hadi chai ikapoa.

Hatua ya 5: ikizidi, omba

Ukiona umevuka mpaka, au unataka chapta nzima kwa madarasa matatu, andika uombe. Wachapishaji wengi wana barua pepe nyuma ya kitabu. Usiandike waraka, andika kitu kama hiki:

"Salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, S.2, shule ya ..., Mbale, Uganda. Naomba ruhusa ya kutoa nakala za ukurasa wa 34 hadi 41 wa kitabu chenu ..., nakala 70, kwa wanafunzi wangu wa muhula wa pili tu. Hatutaziuza. Jina la mwandishi na la kampuni yenu litaandikwa kwenye kila nakala. Kama kuna malipo tafadhali nijulisheni."

Unaona kilichomo, kurasa gani, nakala ngapi, nani, muda gani, hela hamna. Mtu anayepokea anaweza kujibu "sawa" kwa dakika moja. Wakikaa kimya, kimya si ruhusa, kumbushia au tafuta kitu kingine. Na jibu likija, hata la WhatsApp, piga skrinshoti uhifadhi.

Kama ni shule au chuo kinachofotokopi kwa wingi, kuna URRO, hao ndo wanaosimamia leseni za kutoa nakala hapa Uganda kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Hilo ni la uongozi wa shule kushughulikia, si la mwalimu mmoja na mshahara wake, mpelekee DOS, yule mkuu wa masomo.

Kwa wanafunzi

Nyie mna nafasi pana zaidi. Kutoa nakala kidogo ujisomee mwenyewe ni matumizi binafsi, sheria inayakubali. Kuchukua notisi, kutafsiri ukurasa ili uelewe, kupiga picha ukurasa wa kitabu cha maktaba, soma tu. Shida inaanza pale nakala yako inapotoka mkononi mwako: ukiituma kwenye grupu la watu 200 hiyo si binafsi tena. Kitu cha mtandaoni tuma linki badala ya faili, ni wepesi na hakuna wa kukusumbua.

Kwenye projekti na kosiwaki jueni pia kwamba kuna makosa mawili tofauti. Ukinakili maneno ya mtu aliyekufa miaka mia iliyopita ukasema ni yako, kipato cha mtu hujakigusa, lakini umedanganya mwalimu na utapewa sifuri, huo ni wizi wa kitaaluma. Ukinukuu aya mbili na ukataja jina, uko salama kote kote. Ukitaja jina lakini projekti nzima ni maneno yake, kitaaluma umeanguka na hakimiliki umeigusa. Alama za kunukuu hazilipiwi, zitumieni.

Vidogo vidogo vinavyoulizwa sana

Filamu: kuonyesha kipande kwa projekta ndani ya kipindi, kwa sababu mnasoma maigizo, hiyo ni kufundisha. Kuonyesha filamu Ijumaa usiku kwenye ukumbi na kila mtoto atoe 1,000, hiyo ni sinema, tafuteni ruhusa. Nyimbo za disko ya shule vilevile, za hapa kwetu kuna UPRS, chama kinachosimamia haki za wanamuziki, cha kushughulika nazo.

Wanafunzi wasioona: kuhamisha kazi kwenda breli kwa ajili ya elimu yao kumeruhusiwa kwenye kifungu hicho hicho cha 15, msisubiri barua ya mtu. Ninawaambia kwa sababu niliona mtoto akikaa wiki tatu bila kitabu eti "tunasubiri ruhusa ya mchapishaji", na kitabu kiko pale mezani na mashine ya breli iko chumba cha pili.

Adhabu: kukiuka hakimiliki ni kosa la jinai, kwa sheria hiyo ya 2006 ilivyotoka faini inaweza kufika pointi 100 za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, yaani milioni mbili, au kifungo hadi miaka minne, au vyote. Sijaona mwalimu akifungwa kwa ufahamu wa Jumatano, ila wale wanaochapa vitabu vizima na kuviuza hawana pa kujificha, na shule inayonunua kwao inajua kabisa inachofanya.

Mimi pamfleti ya S.3 bado ninayo. Kurasa 11 zangu nimebakiza, ufahamu mwingine nimeuandika upya, mmoja ni ile insha ya mafuriko ya Kasese, niliomba kwa mtoto na kwa mama yake, jina lake liko pale juu. Bei ni 2,000, ya karatasi na wino. Kosa la ukurasa wa 17 nimeliacha, nikiliona kwenye pamfleti ya mtu nitajua.